Asante ya Krismasi: Aipate Kwanza Aliyebaki Nyumbani

Ukipita stendi ya Nyegezi katika wiki ya tatu ya Desemba utaona jambo lisilohitaji maelezo. Mabasi kutoka Dar es Salaam, yaliyokwisha tembea zaidi ya kilomita 1,100, yanashusha akina mama waliovimba miguu, watoto wenye usingizi, magunia, ndoo mpya za plastiki, na pengine televisheni iliyoviringishwa ndani ya blanketi. Wengine ndio wamefika. Wengine bado wana safari ya Misungwi, Kwimba, Sengerema au Geita, na wenyeji wa Ukerewe wanaulizia vivuko. Kila mmoja ana neno moja mdomoni: naenda nyumbani.

Wiki moja baadaye, stendi ile ile, baadhi yao hawasemeshani.

Tumezoea kusema kwamba ugomvi wa sikukuu huletwa na pombe, au fedha, au mashamba. Hayo yapo, na mengine tutayagusa. Lakini akina mama wanaoshinda jikoni wanajua kwamba mara nyingi moto umekwisha washwa kabla hata kuku wa kwanza hajachinjwa. Umewashwa na neno dogo lililosemwa mlangoni, au na asante ambayo haikusemwa.

"Mbona mama umekonda?"

Tuichukue nyumba ambayo wengi wetu tunaijua. Wazazi ni wazee, wanaishi Buhongwa au Igoma, au mbele zaidi kule Misungwi. Watoto ni watano. Wanne wametawanyika: Dar es Salaam, Arusha, Kahama, na mmoja yuko mjini hapa hapa lakini kazi imembana. Wa tano amebaki pale nyumbani pamoja na mke wake. Huyo mke, mkamwana, ndiye anayeamka usiku mzee akikohoa. Ndiye anayejua dawa za presha zitakwisha tarehe ngapi. Siku ya kliniki ndiye anayepanda daladala alfajiri pamoja na mzee hadi kilima cha Bugando, ambako hospitali ile ya rufaa imekuwa ikipokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971, akakaa naye kwenye foleni, na kurudi jua likielekea kuzama. Nauli na fedha za dawa zimetoka Dar es Salaam kwa njia ya simu. Ni kweli, na Mungu awabariki waliozituma. Lakini simu haimshiki mzee mkono kwenye ngazi.

Desemba 22 wifi anafika. Anamkumbatia mama yake, anarudi nyuma hatua moja, anamtazama, na neno la kwanza kumtoka kinywani ni hili: "Mama! Mbona umekonda hivi? Kwani hapa huli?"

Hakukusudia ubaya. Ni mtoto mwenye hamu na mama yake, na jicho la aliyekaa mbali mwaka mzima huona mabadiliko yote kwa siku moja. Lakini mkamwana amesimama pale pale ameshika jagi la maji, na yeye amesikia hukumu. Usiku wote aliokesha umekuwa si kitu. Hatajibu, heshima haimruhusu kubishana na wifi mbele ya mkwe. Atarudi jikoni. Kuanzia hapo sufuria zitagongana kwa sauti, chai itachelewa, na ikifika jioni ya Krismasi, chumvi iliyozidi kidogo kwenye sato itatosha kuwasha nyumba nzima. Watu watasimulia kwamba waligombana kwa ajili ya chumvi.

Hebu tubadilishe neno lile la mlangoni. Wifi anashuka, anasalimia wazee, kisha anamgeukia yule mwenye jagi: "Wifi, pole na kazi. Mama aliniambia kwenye simu ulivyokesha naye mwezi wa nane. Wabeja sana." Wabeja ndiyo asante ya Kisukuma, na kwa maoni yetu ni neno la kutamkwa kwa sauti, wazee wasikie na watoto wasikie. Habari ya kukonda kwa mama haijasahauliwa. Kesho yake, mnapochambua mchele pamoja, ndipo uulize taratibu: "Wifi, mama anakulaje siku hizi?" Utaelezwa kila kitu, hata yale ambayo mama mwenyewe amekuficha, kwa sababu umeuliza kama mtu anayetaka kusaidia mzigo.

Kaka wa mwana mpotevu

Tumehubiriwa sana juu ya mwana mpotevu. Ni mara chache tunahubiriwa juu ya kaka yake kwa huruma. Soma tena Luka sura ya 15. Karamu ilipoanza, yule mkubwa alikuwa shambani. Hakuna aliyetumwa kumwita. Alijua kuna sherehe kwa kusikia sauti ya ngoma akikaribia nyumbani, na habari yenyewe akaipata kwa mtumishi. Ndama aliyenona alikuwa amekwisha chinjwa. Lalamiko lake ni kwamba kwa miaka yote ya kutumika hakupata hata mwana-mbuzi wa kufurahi na rafiki zake.

Wengi tunamwona kuwa ni mwenye kijicho tu, na kijicho kilikuwapo, hatukatai. Lakini mama yeyote aliyewatunza wazazi wa mumewe kwa miaka kumi anajua kilio kile kinatoka wapi. Tuangalie zaidi alivyofanya baba. Aliwaacha wageni ndani, akatoka nje mwenyewe kumsihi. Hakumtuma mtumishi, wala hakungoja karamu iishe. Alimtamkia kijana kwamba amekuwa pamoja naye siku zote, na kwamba mali yote ni yake. Luka hatuambii kama kijana aliingia.

Katika nyumba zetu, anayesimama nje siku ya Krismasi mara nyingi yuko jikoni.

Desemba si mwezi wa shibe

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wa mijini husahau, nalo ni kalenda ya shamba. Wenye watoto Marekani wamesikia habari ya sikukuu yao ya shukrani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1941 huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Kule mavuno yamekwisha ingia ndani, na wanakula kilichojaa. Kwetu Usukumani hesabu ni nyingine. Mpunga na pamba huvunwa katikati ya mwaka. Ndiyo maana sherehe ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, hufanyika mwezi wa Juni, karibu na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Watu wamevuna, na Wagika na Wagalu wana nguvu za kushindana ngoma.

Desemba ni kinyume chake. Mvua zinanyesha, pamba inapandwa, palizi inangoja, na ghala limeanza kuonyesha sakafu. Michembe na matobolwa, viazi vilivyokatwa na kukaushwa wakati wa kiangazi, viliwekwa kwa ajili ya siku za namna hiyo. Ndipo wanaposhuka watu kumi na wanane kwa mkupuo mmoja, wanaokunywa chai ya maziwa asubuhi, kula wali mchana na kuuliza jioni kama kuna sangara wa kukaanga. Mgeni anaona ukarimu, haoni ghala. Mwenyeji naye hawezi kusema, maana kwetu mgeni hahesabiwi tonge.

Shukrani hapa ina uzito wa kilo. Mchele, sukari na mafuta vifike kabla ya wageni. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 hakuna tena udhuru wa kungoja mtu wa kumpa bahasha. Fedha ya sikukuu iende mapema, tuseme kabla ya Desemba 15, wakati bei hazijapanda. Tena aulizwe mpishi mwenyewe kinachokosekana. Familia nyingi hukusanya michango kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wanaume wakapanga ng'ombe na ukubwa wa spika za muziki, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuni zitatoka wapi au nani atachota maji ya watu kumi na wanane. Mwandishi wa makala hii anaamini kwamba swali la kuni lingetatua nusu ya ugomvi wa Krismasi.

Na ikiwa wapo vijana wenye afya miongoni mwa wageni, wapeni majembe. Wakiingia shambani saa kumi na mbili asubuhi tarehe 23, wakapalilia hadi saa tatu, asante yao itaonekana mpaka Februari.

Tusimwonee aliyetoka mjini, hata hivyo. Huyo naye ana haki ya asante yake. Nyumbani humwona amevaa viatu vipya, hawaoni nauli ya watu watano kwenda na kurudi, wala kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba anaisubiri Januari, wala sare na madaftari. Wengine wamekopa ili waje. Mama mwenyeji akisema, "Mwanangu, najua mmejinyima ili mfike, asanteni," atakuwa amempumzisha mtu kuliko kitanda. Lakini akianza na orodha ya mabati yaliyooza na karo za watoto wa shangazi kabla mgeni hajavua viatu, asishangae mwakani wakitoa udhuru.

Jioni ya kwanza

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria hawasali sala ya safari kwa mazoea tu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imeikaribia Mwanza, wakapotea watu zaidi ya 800. Wengi wamelala katika makaburi ya Igoma, hapa hapa Nyamagana. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 200. Zipo familia ambazo kila Krismasi huhesabu vikombe na bado mkono unataka kuongeza kimoja. Lipo pia la kushukuru kwa furaha: waliokuwa wakingoja kivuko kwa saa nyingi kati ya Kigongo na Busisi, na watoto wakilia kwa njaa, sasa wanapita kwa dakika chache juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 19, 2025.

Basi jioni ile ambayo wa mwisho amefika, kabla ya chakula, mzee wa nyumba aongoze sala ya shukrani. Awataje waliotangulia. Amshukuru Mungu kwa waliofika. Kisha, na hapa ndipo tunapoomba akina mama mkazanie, awashukuru watu, kwa majina na kwa matendo. Asante ya "tunawashukuru wote" haina mwenyewe. Kila mtu huiacha ipite. Wale wakoma kumi katika Luka 17 waliomba kwa sauti, wote kumi. Aliyerudi kushukuru kwa sauti alikuwa mmoja. Sisi nasi tunajua sana kupaza sauti wakati wa shida, halafu asante tunaitumia moyoni.

Nani aseme? Tungependa kaka mkubwa aseme, kwa kuwa ndiye mara nyingi hutuma fedha nyingi na hudhani fedha zimesema kwa niaba yake. Lakini mwenye neno zito kuliko wote ni mama mkwe. Yeye akisema mbele ya binti zake waliomzaa moyo, "Huyu ndiye aliyenifulia nguo nilipokuwa siwezi kusimama," mawifi watakosa pa kuanzia. Kuna akina mama wakwe wanaoogopa kumsifu mkamwana wasije wakamdekeza, au wasije binti zao wakaona wivu. Mama, umri huu unamwogopa nani?

Zawadi nayo, kama ipo, atangulizwe huyo. Kitenge cha mkamwana kisiwe kile kilichobaki baada ya wengine kuchagua.

Meza moja, makanisa mbalimbali

Mwanza ni jiji la watu mchanganyiko, na ndani ya ukoo mmoja utakuta Mkatoliki, mshirika wa AIC, Mlutheri, Mlokole, Msabato, na shemeji Mwislamu. Hili tulishukuru kuliko kulilalamikia, ila lina adabu zake.

Kwa ndugu Wasabato, kalenda yafaa iangaliwe. Mwaka 2021 Krismasi iliangukia Jumamosi, na mwaka 2027 iko Jumamosi vilevile. Mwaka 2026 ni Ijumaa, hivyo jua likizama siku hiyo ya Krismasi Sabato yao imeingia. Nyumba yenye hekima humaliza kupika na kuosha vyombo mapema, badala ya kumwacha mtoto wa watu achague kati ya dhamiri yake na kuonekana mvivu. Kambale hali, kwa kuwa hana magamba. Sato ana magamba. Ziwa limetupa sato wa kutosha, sijui kwa nini mtu aone fahari kumwekea mwenzake kambale ili kumjaribu imani.

Juu ya kuchinja, tuseme waziwazi, maana Kanda yetu ina kovu. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mvutano wa nani achinje nyama ulizaa ghasia, na mchungaji mmoja akauawa. Mambo ya buchani na ya sheria wana wenyewe wa kuyaamua. Lakini nyumbani kwako, siku ya kuzaliwa kwa Bwana, mbuzi mmoja asitenge watoto wa tumbo moja. Mpeni kisu shemeji Mwislamu ili naye ale pamoja nanyi, au kama mzee hakubali, pikeni samaki siku hiyo, au mchinjiwe kuku wa pembeni kwa sufuria yake. Mtume Paulo alikwisha waandikia Wakorintho kwamba afadhali kuacha nyama kuliko kumkwaza ndugu. Tena kumbukeni ni nani aliwatumia sahani ya pilau siku ya Idi.

Shamba lingoje tarehe 27

Wakati ukoo umekutana, mtu atasema, "Kwa kuwa wote tupo, tuzungumzie na lile shamba." Ni kweli nafasi ni adimu. Lakini tusiliweke kati ya pilau na soda.

Wengi wanaikumbuka kesi ya Holaria Pastory wa wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Mwaka 1988 aliuza kwa mtu asiye wa ukoo shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia, kwa Sh. 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakama ya mwanzo, akashinda. Mahakama ya wilaya ikatengua. Mwisho shauri likafika hapa, Mahakama Kuu ya Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, wakati mwanamume anaruhusiwa, inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Ilikuwa hukumu kubwa kwa akina mama wa nchi hii. Lakini ilipita mahakama tatu, baina ya shangazi na mpwa, na shauri lenyewe lilihitaji wosia na mahakimu waliotulia. Jambo la uzito huo hamtalimaliza nusu saa, mtu mmoja akiwa amelewa na mwingine ana basi la saa kumi na moja.

Tengeni siku yake. Tarehe 27 asubuhi, baada ya uji, vyombo vikiwa vimeoshwa. Awepo wa kuandika. Mabinti waketi kikaoni, wala wasitumwe kupika wakati wa kujadili urithi wao. Na yule aliyebaki nyumbani apewe nafasi ya kusema kabla ya waliokuja na mipango kutoka mbali, kwa kuwa ndiye atakayeishi na uamuzi huo tarehe 28, ninyi mkiwa mmekwisha ondoka.

Siku ya kufunga mizigo

Kuondoka kuna kazi yake. Sufuria kubwa zilizoazimwa kwa akina mama wa jumuiya zirudishwe zimesuguliwa, na warudishe wageni wenyewe, wapite na kuaga majirani. Mashuka waliyolalia wayafue. Mama atafunga michembe katika mfuko na kuku mmoja hai miguu imefungwa, na watoto wa mkamwana ndio watakaokuwa wamemkimbiza kuku huyo uwanja mzima; wapewe chochote, hata kama ni daftari na kalamu.

Kisha mkifika Dar es Salaam mtapiga simu kusema tumefika salama, na mtaongea na mama. Ni vizuri. Simu ya pili ipigwe Januari, siku ya kazi, bila shida yoyote ya kuomba wala kuagiza, nayo iwe kwa wifi mwenyewe. Muulize palizi imefika wapi, na kama mgongo umepoa.